Mtori wa Mgonjwa Asiyeumwa

Arusha unaweza kufilisika ukasamehewa, hata kanisa ukaliacha miaka kumi, na siku ukirudi ukapigiwa makofi. Lakini kukonda bila maelezo, hilo hakuna anayekusamehe. Elirehema aliligundua akiwa na miaka hamsini na miwili na duka la vipuri vya magari Ngarenaro, baada ya kupunguza kilo kumi na tisa.

Hakupunguza kwa ajili ya urembo. Mwezi wa pili daktari alimpima sukari, akakitazama kitambi chake, akamwambia amesimama mlangoni mwa kisukari; akizidi kunenepa ataingia, na akiingia kutoka ni kazi. Akampa miezi sita arudi kupimwa. Elirehema alirudi nyumbani anamkumbuka baba yake, aliyeingia mlango huo huo, akakatwa mguu, na mwaka haukuisha wakamzika. Aliogopa, tena sana, wala hakuona haya kumwambia mkewe, Aikande, kwamba anaogopa.

Basi akaanza. Soda akaziaga, bia nazo. Ugali ukashuka mpaka ukawa wa ngumi moja, mboga za majani zikajaa sahani, nyama ikaondolewa mafuta yote. Gari akaliacha nyumbani Moshono, akawa anakwenda dukani kwa miguu. Mchana, wateja wakipungua, aliinua giaboksi bovu la Corolla mara kumi na mbili, akapumzika, akarudia. Kila jioni Aikande alimpima kiuno kwa futi ya cherehani na kuandika ukutani nyuma ya kalenda.

Sasa, lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Kutembea kwake kulitafsiriwa kwamba gari limeuzwa. Bwana Avtar, jirani wa duka la mabati, mtu mstaarabu sana, alikuja taratibu kumwambia kwamba siku akifunga biashara asimsahau kwenye zile rafu za chuma. Kanisani wanawake waliacha kumsalimia Aikande. Walisema anamnyima mumewe chakula, na wale wenye akili nyingi zaidi walisema anampa kitu, ila si chakula. Aikande alilia jikoni, akajifuta machozi, akapika mchicha.

Kila aliyeuliza, Elirehema alimjibu, "Nafanya mazoezi." Jibu hilo liliwahuzunisha watu kupita maelezo. Mgonjwa gani amewahi kukiri?

Jumamosi, siku mbili kabla ya kupimwa, jumuiya nzima ya kanisa, pamoja na kwaya yake, ikajaa sebuleni kwake. Mbele yao alikuwa Elieshi, dada yake mkubwa, ametoka Usa River na sufuria la mtori lililobebwa na watu wawili. Ndizi zilizopondwa, nyama ya mbavu, siagi juu unene wa kidole: chakula cha mzazi aliyejifungua na cha mgonjwa, na kwao kukikataa ni kumtukana aliyekipika.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kaa, usisimame, utaanguka."

"Dada, mimi siumwi."

"Hata baba alisema hivyo hivyo."

Mzee Naftali, mzee wa kanisa, akaomba. Aliomba vizuri, ila alipofika kwenye "tunamkabidhi mtumishi wako mikononi mwako," Elirehema akafumbua jicho moja. Maombi hayo aliyajua. Yalikuwa ya makaburini. Hasira zikampanda. Akavua koti, akajitupa chini kwenye zulia mbele ya wageni na kuanza kupiga pushapu.

Mwanzoni walimhesabia. Kumi, wakashangilia. Ishirini, wakanyamaza. Thelathini, mama mmoja akaangua kilio.

"Ni nguvu za mwisho hizo," Mzee Naftali akanong'ona, na kunong'ona kwake kulisikika mpaka barabarani. "Marehemu mjomba wangu naye aliamka kitandani siku moja akalima robo eka. Kesho yake tukazika."

Hapo kwaya ikaanzisha wimbo wa kuaga. Elirehema alifika arobaini na moja, akaona kwamba akiendelea watamletea jeneza, akaketi chini huku anahema. Kadiri alivyohema ndivyo walivyozidisha sauti ya pili.

Elieshi akajaza bakuli, akamwekea mikononi. "Kula, mdogo wangu. Kwa ajili yangu."

Elirehema akalitazama. Aliupenda mtori kuliko chakula chochote duniani, na tangu mwezi wa pili hakuwa ameuonja. Mate yalimjaa kinywani. Macho ya watu ishirini yalikuwa kwenye kijiko. Angeweza kula, bakuli moja haliui mtu. Lakini alijua kwamba akila hili watarudi kesho na jingine, na keshokutwa, kwa upendo, mpaka wamrudishe alikotoka.

"Dada," akasema, "baba tulimpa mabakuli mangapi ya hivi?"

 Elieshi akakaa pembeni yake kwenye zulia, kwa taabu.

"Kila siku," akasema. "Nilimpikia kila siku. Alizidi kukonda, nami nikazidi kuongeza siagi."

"Hatukujua, dada."

"Hatukujua." Akavuta khanga mabegani. Kwaya ilikuwa inaendelea, naye akalazimika kusema kwa nguvu ili asikike, na wimbo ukakatika wote yeye akiwa katikati ya sentensi. "Mguu wangu wa kushoto siusikii. Tangu Pasaka. Jana nilikanyaga kaa la moto jikoni, nikajua kwa harufu."

Mzee Naftali akasimama kuomba tena.

"Subiri kwanza, mzee," Aikande akasema. Alikuwa mlangoni muda wote, na wifi yake Elieshi hakuwa ameitikia salamu yake tangu mwezi wa tano. Akapita katikati ya watu, akapiga magoti mbele yake, na kuanza kumvua kiatu cha kushoto polepole.