Kunguru wa Unguja Uani Kwetu Kanyenye

Mama aliolewa Tabora, mtaa wa Kanyenye, akitokea Unguja, na miaka yote niliyomjua hakuacha kuyaulizia maji. Akiamka asubuhi husema peke yake, "Sijui huko saa hizi yamejaa au yamekupwa." Baba, ambaye babu zake walifika na misafara ya pembe wakasahau njia ya kurudi pwani, alimcheka. "Bibi, maji ya hapa yamo kisimani, hayaendi popote." Mama alinuna. Mimi nilimwonea huruma, ingawa bahari yenyewe sikuwa nimeiona hata siku moja.

Mjomba, kaka yake wa pekee, alikuwa mpishi wa treni iliyotoka Dar es Salaam. Ilikuwa zama za Mwingereza, na treni ile ndiyo iliyotuletea kila kitu cha pwani: nazi, papa mkavu, na habari za watu nisiowajua. Safari moja Mjomba alishuka na kapu lililofunikwa gunia. Ndani mlikuwa na kinda la kunguru, mdomo wazi, shingo ya kijivu.

"Nimekuletea mtu wa kwetu," alisema.

Mama akalia pale pale stesheni, watu wanatazama.

Si kwamba Tabora hatukuwa na kunguru. Tulikuwa nao, wakubwa, kifua cheupe, wanaokaa machinjioni na kumkimbia binadamu. Huyu wa Mama alikuwa mwembamba na hana haya hata kidogo. Alilala juu ya boriti ya jiko. Mama alimlisha dagaa kwa mkono wake, na akilia, Mama hutuita: "Msikilizeni, anasema Kiunguja kitupu!" Nami nikampenda ndege yule, kwa sababu Mama alianza kuimba jikoni. Sikuwahi kumsikia akiimba kabla ya hapo.

Masika yalipoingia, ndege alikuwa ameshakua. Alianza na vyura wa kando ya kisima, kisha mijusi wa ukutani. Akahamia kwenye paa, walikotaga wale ndege wadogo, jurawa, akala mayai yote, na makinda ya waliowahi kuangua akayatoa moja moja. Jurawa wakatuhama. Baba akasema ni afadhali, kelele zimepungua. Nilimwona Mama akiutazama ule upenu mtupu kwa muda mrefu kuliko kawaida.

Jirani yetu alikuwa Mnyamwezi wa Ntalikwa, mke wa seremala, mwanamke wa kanisani na mwenye maneno machache. Alikuwa na kuku mmoja aliyeangua vifaranga tisa. Asubuhi moja aliingia uani kwetu ameshika kikapu, na ndani ya kikapu vifaranga wawili tu.

"Dada, sikuja kugombana," alisema. "Ila ndege wako kanimalizia."

Mama alimkamata tetea wetu mzuri kuliko wote akampa. Jirani alimpokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaondoka. Nilidhani shauri limekwisha.

Wiki ile ile Mjomba akatuma salamu kwa mtu wa treni: safari ijayo anamleta kunguru wa pili. Hataki ndege akae mpweke ugenini kama dada yake. Mimi nilirukaruka kwa furaha. Mama alikaa kwenye kibao cha mbuzi, nazi nusu mkononi, akaacha kukuna.

Ndipo aliponisimulia. Alipokuwa mdogo, maji yakikupwa alishuka na bibi yake kuokota chaza kwenye tope la mikoko. Mikoko ilijaa viota vya yangeyange na ndege wengine wa majini, na wote walishuka pamoja na watu kula kaa wadogo na vidudu vya topeni. Kila mmoja alikuwa na sehemu yake. Kisha wakaja kunguru hawa, waliotoka Bara Hindi kwa meli. Watu waliwapokea vizuri, wakisema watakula taka za mji. Taka walikula. Wakala na mayai ya mikokoni, na makinda, na kaa, kila maji yalipotoka. Wakazaana. Yangeyange wakapungua mwaka hadi mwaka, na mikoko ikabaki na sauti moja tu.

"Wawili wanatosha kuanza," alisema, akarudi kukuna nazi.

Siku ya treni alimtia ndege wake kapuni akalifunika kwa kanga yake mpya. Mjomba alishuka anacheka, kapu la pili mkononi. Alipoona kapu la Mama akaacha kucheka.

"Warejeshe, kaka," Mama alisema. "Wote wawili. Kule wameshaharibu. Hapa bado."

"Utabaki na nini cha kwetu?"

 Mama alimkabidhi kapu, akainyoosha kanga juu yake, akaona inateleza, akaifunga fundo. Kunguru alilia ndani. Mjomba alipanda na makapu yake mawili, na treni ikaondoka.

Tulirudi kwa miguu mpaka tukafika karibu na nyumba ya jirani. Kuku wake alikuwa barabarani na wale vifaranga wawili. Mama akasimama kuwapisha.

"Nilijua, mwanangu," alisema, bila kunitazama. "Tangu mjomba wako alipolifunua gunia, nilijua atakuwa hivi. Nilitaka tu nimsikie kidogo."