Wali Ambao Shemeji Asingeweza Kuukosoa

Mume wangu ni fundi kufuli. Sijaona kufuli iliyomshinda. Lakini sufuria, jamani! Miaka ishirini na sita ya ndoa, jikoni alikuwa anaingia kunywa maji tu, tena akiuliza glasi ziko wapi.

Basi nikateleza bafuni, mkono wa kulia ukavunjika, nikafungwa plasta hadi begani. Dada yangu akapiga simu. "Jumamosi mchana nakuja kukuchukua, ukae kwangu mpaka upone. Huyo bwana atakuua kwa njaa." Sikutaka kwenda hata kidogo. Lakini ningemjibu nini, na siku tatu tulikuwa tunakula mkate na chai? Nikafunga begi, likawekwa mlangoni.

Jumamosi asubuhi fundi akanivutia kiti jikoni. "Kaa. Leo napika mimi. Dada yako akiridhika, huendi popote."

"Unapika nini?"

"Wali wa Kijapani, wa Kimeksiko."

"Ndiyo wa wapi huo?"

"Kote kuwili. Umechanganywa."

Nilicheka mpaka mkono ukauma. "Wewe! Wali mweupe tu hujui!"

"Ndiyo maana. Wali mweupe shemeji anaujua nje ndani. Huu hajawahi kuuona. Atajuaje nimekosea?"

Mtu akili anazo, anazifichaga tu.

Simu akaiegemeza kwenye kopo la chumvi, akafuata maelezo neno kwa neno. Wali wa kushikana, unatiwa siki na sukari kidogo. Juu yake maharage meusi, parachichi, pilipili, ndimu na sosi ya soya. Parachichi alilikata kama anachonga funguo, vipande vyote sawasawa. Kila hatua ananiletea kijiko mdomoni. "Onja. Bado chumvi?" Maisha yangu yote mimi ndiye ninayewaonjesha watu. Nilijisikia raha, sitaficha.

Sasa katika kuhangaika na ndimu, wali ukasahaulika motoni. Tulishtuliwa na harufu. Akafunua: juu mzuri, chini umeungua. Na mlangoni, hodi!

"Tumekwisha," akasema.

Dada akaketi, akaonja, akakunja uso. Akaonja tena. "Ndivyo unavyokuwa huu?"

"Ndivyo, shemeji."

Dada akanusa hewa. "Na hiyo harufu?"

Nilimkanyaga mume wangu mguu chini ya meza, wapi! Fundi wangu uongo haujui. "Nimeunguza, shemeji. Nisamehe."

"Kwa hiyo ukoko upo?"

Mungu wangu, nilikuwa nimesahau! Utotoni mimi na dada tulikuwa tunakwaruzana makucha kwa ajili ya ukoko. Fundi akaleta sufuria, dada akaukwangua, akaunyunyizia soya na ndimu, akala huku anafumba macho. Kipande kimoja alimpa fundi. Fundi hakukila. Alikimega, akanilisha mimi, akanifuta kidevu, na sahani yake mwenyewe ilikuwa bado haijaguswa.

Dada alitutazama kitambo. Kisha akanyanyuka, akaenda mlangoni, akachukua begi. Fundi aliweka kijiko chini.

Dada akapita nalo mbele yetu mpaka chumbani, tukasikia analiweka juu ya kabati. Aliporudi macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ile ile ya ukali.

"Jumamosi ijayo nakuja tena. Na wewe, shemeji, uunguze hivi hivi."