Saa ya steampunk niliyoichora Ihumwa, mama akaikosoa asubuhi ya kwanza

Wakuu, salaam kwenu wote. Ninachoandika kimetokea sebuleni kwangu, na anayebisha aje Ihumwa aione ukutani.

Mimi ni mtu wa diploma ya mechanical. Nimepiga kazi Botswana, nikarudi Dodoma, nikajenga hapa Ihumwa, upande wa reli, bila kusaidiwa na mtu. Nikiamua kitu nakifanya, hilo mlijue mapema.

Baba alipofariki nilimchukua mama kutoka Busi, Kondoa, aje akae na sisi. Kila siku wimbo ulikuwa mmoja: "Nirudisheni kwangu."

Alisema nyumba ni nzuri, ila yeye ni mgeni ndani yake. Jiko la gesi analiogopa. TV hawezi kuiwasha. Hata saa anauliza.

Iliniuma, wakuu. Nyumba yote hii halafu mama anataka kuondoka?

Wakati huo nilikuwa na project yangu. Siku hizi biashara imefunguliwa, mashine zinamiminika toka China, na mjini kuna jamaa ana laser ya kukatia vibao vya ofisi. Nikachora saa ya steampunk kwenye CorelDRAW, ile programu ya kuchorea ya kompyuta.

Kwa wasiojua, steampunk ni mtindo wa kuigiza enzi za injini za mvuke: magurudumu ya meno, mabomba, boliti zote nje.

Laser ilikata plywood, kila jino safi. Kingo zikabaki na kahawia ya kuungua, nikaziacha hivyo hivyo. Kwingine nikapiga spray ya shaba. Ndani nikaweka mashine ya betri ya saa ya dukani.

Niseme tu ukweli: ni saa nzuri. Mke wangu, ambaye huwa hanisifii ovyo, aliiangalia mpaka chai ikapoa.

Asubuhi mama akaisogelea. "Hii ndiyo mashine ya kusaga?"

"Ni saa, mama."

"Na hivi vijiti?"

Nilikuwa nimeweka namba za Kirumi. Nikamwonyesha mshale mfupi ulipo, nikamwambia hiyo ni saba.

Redio ilikuwa imetoka kutangaza saa moja. Akanigeukia. "Kwa hiyo wa redio muongo?"

Nikacheka. "Hapana mama. Sisi tukiona saba tunasema moja."

"Mnaandika hiki, mnasema kile. Kwa nini?"

Wakuu, mwenye jibu anipe. Sote tumekua tunaipindua saa kichwani na hakuna anayeuliza. Mama alijifunza namba ukubwani, kwa hiyo anasoma kilichoandikwa.

Nikarudi kwenye kompyuta. Kwanza nilitaka kuihamisha 6 ikae juu. Kabla ya kukata nikastuka: mshale wa dakika ungevuruga, saa kamili ingesomeka kama nusu. Hapo diploma ikafanya kazi.

Nikaacha 12 juu, nikakata namba kubwa za kawaida, kisha nikaitega saa ikae saa sita nyuma. Saa moja asubuhi mshale unakaa kwenye 1. Basi.

Mama aliitazama, halafu akaanza kututangazia saa nyumba nzima. Kwa sauti.

Wageni ndio wanachanganyikiwa. Juzi jirani yangu, mstaafu wa reli, aliingia asubuhi akaona mshale kwenye 3. "Saa tisa tayari? Hii saa yako mbovu, mhandisi!"

Mama akajibu kutoka kwenye kochi: "Baba, usipindue. Soma kilichoandikwa."

Jirani akaitazama tena, kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Jioni nikamsikia mama anaongea kwa simu na mdogo wangu aliyebaki Busi: "Wale kuku wangu gawaneni. Mimi nipo huku."

Nilichojifunza: ukichora kitu cha nyumbani, muulize kwanza anayeishi humo. Uzuri wa magurudumu unafuata baadaye.

Haya wakuu, uwanja wenu. Nani mwingine nyumbani kwake saa inasema Kiswahili? Na wale wa "ungenunua tu ya dukani", karibuni pia, nawasubiri.