Anayewakaribisha wabishi wa Temeke

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, Jumamosi ya mwisho ya Septemba 1994. Mwajabu Shomari anaburuta benchi kutoka ukutani hadi karibu na mlango wa ukumbi. Analikalia, anainuka, analisogeza kidogo kushoto, analikalia tena. Kutoka hapo anaona jukwaa lote, na kwa hatua tatu anaweza kuwa nje.

"Hili la akina mama," anasema. "Mwenye mtoto mgongoni humweki katikati. Mtoto akilia ataona haya, atatoka, na akishatoka harudi."

Ana miaka thelathini na tisa. Ni mhudumu wa ukumbi huu wa shirika la umma, Temeke, kwa mwaka wa nane: anafagia, anapanga viti, anachemsha chai, anatunza funguo. Analipwa shilingi elfu kumi kwa mwezi. Shirika lenyewe limo katika orodha ya yatakayouzwa, na kati ya wahudumu wanne waliokuwapo amebaki peke yake.

Leo ukumbi umekodiwa na Wadadisi. Ni kikundi cha walimu, mafundi na makarani wanaokutana mara moja kwa mwaka kuyapima kwa ushahidi mambo ambayo watu huyaamini kwa kusikia: ramli, dawa ya utajiri, uvumi wa mumiani wanaonyonya watu damu. Mtaani hakuna anayewaita Wadadisi. Wanaitwa wabishi.

Huu ni mkutano wao wa nne. Katika ule wa kwanza, mwaka 1991, waliingia watu sitini na wanne. Baada ya chakula cha mchana walibaki ishirini na wawili. Wanawake walikuwa kumi na tisa, na hakubaki hata mmoja.

Hesabu hiyo haimo katika taarifa ya kikundi. Imo katika daftari la shule ambalo Mwajabu hulihifadhi kwenye kabati la vikombe.

"Wao wanahesabu hotuba," anasema. "Mie nahesabu makalio."

Hakuna aliyemtuma kuhesabu. Alitaka kujua kwa nini watu walioacha shughuli zao wakaja wenyewe waondoke kabla ya saa saba. Jambo la kwanza aliloligundua lilikuwa meza ya mlangoni. Juu yake palikuwa na kitabu cha wageni chenye safu tatu: jina, kazi, elimu. Mwajabu alisimama kando na birika la chai akawatazama akina mama wakifika kwenye safu ya tatu, wakiirudisha kalamu, wakisema wamesahau kitu nyumbani.

Mwaka uliofuata aliichukua meza akaipeleka ndani, nyuma ya viti. Katibu wa kikundi, Allen, karani wa bima anayeishi Mikocheni, alimfuata.

"Mama Mwajabu, huo ni utaratibu wa mkutano."

"Utaratibu gani unaomuuliza mgeni darasa kabla hujamwambia karibu?"

"Tunahitaji takwimu."

"Basi wanywe chai kwanza. Mtu akishika kikombe chako hakimbii."

Meza ilibaki nyuma, na safu ya elimu ikafutwa. Mwaka huohuo Mwajabu alitandika mikeka nyuma ya jukwaa kwa ajili ya sala ya adhuhuri, akaweka ndoo mbili za maji ya kutawadha uani. Hapo alikutana na mwenyekiti mwenyewe, Theonest, fundi mitambo mstaafu wa reli.

"Bibie, sie tumekuja kuhoji, hatukuja kuswali."

"Kwani anayeswali hahoji? Akitoka hapa kwenda msikitini, harudi. Akiswali hapa, saa saba na nusu yuko kwenye kiti chake."

Mwaka 1993 waliingia watu mia moja na kumi na wawili. Baada ya chakula walibaki themanini na saba. Kati ya wanawake thelathini na wanane, thelathini na mmoja walikaa hadi mwisho. Taarifa ya kikundi ya mwaka huo inasema mafanikio hayo yametokana na "ubora wa mada zilizowasilishwa."

"Mada zilikuwa zilezile," anasema Mwajabu.

Saa nne asubuhi ukumbi umeshajaa. Mwajabu amesimama mlangoni, kanga begani, anapokea wageni mmoja mmoja. Wazee anawaamkia shikamoo. Vijana anawauliza wametoka mtaa gani. Mtu anayekuja peke yake anampeleka kwa mtu mwingine aliyekuja peke yake na kuwatambulisha: huyu ametoka Manzese, na huyu Manzese, mfahamiane.

Ghafla anaacha kusalimia, anatoka hadi getini. Aliyefika ni Tunu, jirani yake wa Kiwalani, mwenye miaka ishirini na mitatu. Amemfunga mgongoni Raudha, mtoto wake wa miaka miwili na nusu.

Mwajabu amemsihi kwa wiki tatu aje. Raudha ameshapatwa na degedege mara mbili: joto hupanda, macho hugeuka, mwili hukakamaa na kutikisika. Pwani yote mama huambiwa na mama yake kwamba degedege si la hospitali, ni la mganga, na kwamba mtoto mwenye degedege akichomwa sindano anakufa. Mara zote mbili Tunu alimpeleka kwa mganga, na mara zote mbili Raudha alipona.

Leo, saa nane na nusu mchana, tabibu aitwaye Sekela atazungumzia degedege. Mwajabu anataka Tunu awepo. Ni kwa ajili ya hilo tu benchi lile liko mlangoni.

"Dada, mie naona haya," Tunu anasema. "Wasomi watupu humu."

"Wasomi gani? Yule pale anauza mihogo Tandika. Kaa hapa. Mtoto akisumbua, unatoka, unarudi, hakuna atakayekutazama."

Tunu anakaa. Anapewa chai na andazi. Mama wa pembeni anamshika Raudha shavu na kumuuliza jina. Kwa muda wa saa nzima kila kitu kinakwenda kama Mwajabu alivyopanga.

Saa tano na nusu Theonest anapanda jukwaani, na watu wanaanza kupiga makofi kabla hajasema lolote. Anapendwa. Anachukua yai, analizungusha juu ya kichwa cha kijana aliyejitolea, kama wafanyavyo waganga, analipasua kwenye sahani. Zinatoka sindano tatu na unywele. Ukumbi unaguna. Kisha anaonyesha yai jingine: kitundu kilichotobolewa kwa msumari mwembamba, nta iliyokiziba, chokaa iliyopakwa juu. Ni onyesho safi, na hata wazee wawili wenye kofia katika safu ya mbele wanaomba walishike lile ganda wenyewe.

Halafu anafanya kitu ambacho hakimo katika ratiba. Anajifunga kanga kichwani, anapakata mwanasesere wa matambara, anatikisa mabega na kubana sauti.

"Babu mganga! Mwanangu kashikwa na dege! Nesi kataka kumchoma sindano, nimemkimbia! Nimfukize na nini, babu, mavi ya tembo au ya simba?"

Ukumbi unapasuka kwa vicheko. Watu wanagonga mabenchi. Kijana mmoja aliyesimama karibu na mlango anamgeukia Tunu na kumnong'oneza kwa sauti inayosikika benchi zima, "Sista, si ndio nyie hao!"

Tunu anainuka, anakaza kanga ya mgongoni, anatoka. Mwajabu anamkuta getini.

"Tunu, ngoja. Tabibu bado hajasema."

"Nimeshiba, dada."

"Yule ni wa kuchekesha tu, humjui."

"Mie namjua. Wewe ndiye uliyeniambia hapa hawacheki watu."

Mwajabu alirudi ndani, akasimama kwenye nafasi yake.

Saa nane na nusu Sekela alieleza bila madoido. Degedege kwa watoto wengi wa Dar es Salaam hutokana na joto kali la malaria, na malaria ina dawa. Sindano haiui. Mtoto hupelekwa kwanza kwa mganga, siku zinapita, anafika hospitali akiwa hana nguvu, anachomwa sindano, anakufa, na mama anakumbuka kitu cha mwisho alichokiona. Alizungumza dakika ishirini na tano. Walioinua mikono kuuliza walikuwa wanane, wote wanaume.

Siku kumi na moja baadaye, asubuhi, Raudha alishikwa tena. Tunu alimpeleka kwa mganga. Walimfukiza kwa siku tatu kwa moshi wa mavi ya tembo. Siku ya nne alipokuwa hageuzi tena shingo, mume wa Tunu alimbeba kwenda hospitali. Raudha alichomwa sindano, na hakufa. Lakini mguu wa kulia anauburuta mpaka leo, na mkono wa upande huohuo haushiki kitu. Sasa ana miaka mitatu na miezi minne.

Tunu anazungumza akiwa ameketi kizingitini kwake Kiwalani, anachambua mchele. Ndege inapopita juu ya mabati ananyamaza mpaka sauti iishe, kisha anaendelea pale alipoachia.

"Siku ya pili nilitaka kwenda hospitali, Mungu shahidi. Nikafikiria: nitafika, wataniuliza ulikuwa wapi tangu jana, nitasema kwa mganga. Watacheka. Nikawaona wote wale ukumbini wanavyocheka. Nikasema ngoja, pengine kesho ataamka mzima."

Theonest hakubali kwamba ana sehemu katika jambo hilo. Ni mtu muungwana, anajibu kila swali, na nyumbani kwake mgeni hatoki bila kula.

"Namcheka mganga, simcheki mama," anasema. "Na kichekesho ndicho kinachowavuta watu. Yule binti angengoja saa tatu tu angesikia maelezo ya kitaalamu. Nasikitika kwa yaliyompata. Lakini mtu mmoja si ushahidi."

Mwajabu anakubaliana naye katika hilo la mwisho. Ndiyo sababu, wiki moja baada ya kumwona Raudha akiburuta mguu, alikwenda nyumbani kwa mwenyekiti na daftari lake. Katika mkutano wa 1994 waliingia wanawake arobaini na mmoja. Kabla ya Theonest kujifunga kanga hakuwa ametoka hata mmoja. Katika robo saa iliyofuata walitoka kumi na wanne. Tisa kati yao walikuwa na watoto mgongoni.

Theonest alilisoma daftari hadi mwisho. Kisha akasema huenda wanawake hao walikuwa na shughuli za nyumbani.

Kwa miaka minne amesimama jukwaani akiwaambia watu kwamba anayekataa hesabu kwa kuwa haimpendezi hana tofauti na mpiga ramli. Mwajabu alimkumbusha maneno hayo. Alijibiwa kwamba hesabu ya mhudumu haikupangwa kitaalamu.

"Ningekuwa nimevaa miwani angeisoma mara mbili," anasema Mwajabu.

Kuna jambo moja ambalo hakumwambia, na ambalo hadi wiki iliyopita lilijulikana na ndugu zake peke yao. Mwaka 1986, katika zahanati moja ya wilaya hii, nesi alikuwa ameshavuta dawa kwenye bomba la sindano. Aliyelala kitandani alikuwa mtoto pekee wa kiume wa Mwajabu, mwenye miaka miwili, mwili ukitikisika. Mwajabu alimnyakua akakimbia. Nyuma yake alimsikia nesi akiwaambia waliokuwa wakingoja, "Muacheni, anawahi kwa mganga wake," na watu kwenye foleni wakacheka.

Jioni ya siku hiyo mganga alikiri kwamba degedege limemshinda. Mwajabu alijua zahanati iko wapi. Ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Hakwenda.

"Sikuogopa sindano tena," anasema. "Nilishaanza kuona kwamba mganga hajui. Niliogopa ile foleni."

Mtoto alikufa siku iliyofuata kabla ya saa sita mchana.

Mwaka 1987 aliajiriwa ukumbini. Mwaka 1991, akifagia nyuma ya jukwaa, alimsikia mtu kwa mara ya kwanza akisema kwa sauti kwamba sindano haiui. Alisimama na ufagio mkononi mpaka hotuba ikaisha. Siku hiyo ndiyo alianza kuhesabu walioondoka.

Mkutano wa tano utafanyika mwezi Septemba mwaka huu. Mwajabu ameomba mambo mawili: tabibu azungumze wa kwanza asubuhi, wakati watu bado wana vikombe mikononi, na lile igizo la mama mwenye mtoto liachwe. La kwanza limeahidiwa kujadiliwa. La pili limekataliwa, kwa maelezo kwamba ndilo wahudhuriaji wanaloliulizia zaidi. Aliomba pia dakika kumi za kusema mwenyewe. Allen alimjibu kwamba ratiba imejaa.

Mwajabu hafikirii kuacha. Shirika likiuzwa ataondoka, na mtu mwingine atashika funguo. Kabla ya hapo ana mkutano mmoja, labda miwili. Anataka wanawake hamsini, na anataka wabaki hadi jioni. Tunu amekwisha kumwambia hatakuja. Sekela amekubali kwenda kwake Kiwalani siku moja kabla ya mkutano, na Mwajabu amewaomba akina mama sita wa mtaa ule wakusanyike uani kwa Tunu.

Kuhusu igizo, ana mpango wake. Theonest akijifunga kanga safari hii, atatoka mlangoni, atapita katikati ya viti mpaka mbele ya jukwaa.

Je, haogopi kwamba mwenyekiti atakuwa ameshasoma habari hii gazetini?

"Asome. Kusoma si neno," anasema. "Mie nataka aniangalie. Nitamwambia: Mwenyekiti, huyo mama unayemwigiza ni mie. Mtoto aliitwa Mwishehe. Haya, endelea."