Tindikali ya Lozi Kidevuni

Mimi ni fundi betri hapa Kitete, na sina suruali hata moja isiyo na matundu ya tindikali. Ndiyo maana mke wangu aliponipa kichupa kilichoandikwa asidi, nilikirudisha mezani haraka.

“Hii inatokana na lozi,” alisema. “Inaondoa vipele vya ndevu. Wenzio wanapaka.”

Vipele hivyo vilikuwa vimeniharibia nyumba. Nikinyoa, kidevu kinaumuka. Nisiponyoa, ndevu zinachoma. Binti yetu wa miaka mitatu alikuwa ananiamkia kwa adabu zote, lakini shavu lake alimpa bibi yake, akawapa majirani, mimi akanipa mkono, kana kwamba nimekuja kununua kitu. Iliniuma sana.

Basi jioni hiyo nikapaka. Ikawasha kidogo, ikatulia. Baada ya wiki nilipapasa kidevu nikakuta vipele viwili vimelala kabisa. Nilienda kazini napiga mluzi. Mteja aliyeleta betri ya sola kutoka Igalula akaniuliza kama nimepata mtoto mwingine.

Hapo ufundi ukanipanda kichwani. Niliona mambo yanakwenda taratibu, nikaamua kuongeza chaji: asubuhi, mchana, jioni, na katikati nashinda juani kichwa wazi. Siku ya tatu kidevu kikawaka moto, ngozi ikaanza kubanduka. Mke wangu alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akaenda kuchukua asali anipake.

“Kidevu si betri, mume wangu. Kipumzishe kipone. Halafu utapaka jioni, siku moja moja tu, na juani uvae kofia.”

Nilitii. Na kila jioni ya kupaka binti yangu akawa anakuja kusimama mbele ya kiti changu kukagua, kidole kimoja mbele, kama mkaguzi kutoka wilayani. Kipele hiki kimeondoka. Hiki bado. Moyo wangu ulikuwa unakwenda mbio, nami mtu mzima na ndevu zangu.

Juzi alikagua muda mrefu zaidi. Kidole hakikumtosha. Akapanda mapajani, akaegemeza shavu lake kidevuni pangu, akatulia akipima.

“Bado kidogo, baba,” alisema, na shavu hakuliondoa.