Siku Kigari Chetu Kilipofungwa Beringi

Enzi zetu, na ninyi mliokulia kwenye baridi ya Mufindi mtanielewa, mchezo ulitengenezwa kwanza ndipo ukachezwa. Hakuna aliyekuletea. Ukitaka mpira, ulianza kusaka matambara na kamba za mgomba. Ukitaka gari, ulianza kutazama miti. Nayasema haya kwa sababu wiki iliyopita mjukuu wangu Eliya, kijana wa kidato cha pili ninayeishi naye hapa Uyole, aliingia jikoni na sura ya mtu anayekuja kuposa, akasema, "Bibi, naomba ruhusa niapgredi kompyuta."

Nikamwuliza kuapgredi ndiyo kufanya nini. Akanieleza taratibu, kwa ule upole wa vijana wanaodhani uzee na uziwi ni kitu kimoja. Kompyuta ya mezani waliyoachiwa na baba yao ina mfumo wa zamani. Gemu mpya zinagoma kufunguka. Rafiki zake wote wameshahama, kabaki yeye peke yake. Mfumo mpya upo, ni kazi ya mchana mmoja. Hapo sauti yake ikapungua. Mfumo mpya ukishaingia, ile gemu ya magari anayocheza na mdogo wake Neema haitafunguka tena, ni ya zamani mno, na kurudi nyuma itakuwa haiwezekani. Baba yao kwa simu kasema niulizwe mimi, kwa kuwa kompyuta iko nyumbani kwangu.

Ile gemu naijua. Wanaicheza wawili kwenye kiti kimoja, huyu na vitufe vya kushoto, yule na vya kulia, wanasukumana viwiko na kuzomeana mpaka maharage yananiungulia. Gemu mpya, kwa maelezo ya Eliya, inachezwa na mtu mmoja aliyevaa vile vidude vya masikioni, na wenzake wako huko waliko, Dodoma, Uturuki, Mungu anajua. Neema, ambaye yuko darasa la tatu, alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anafunga kamba za viatu. Niliwaambia wanipe muda nifikirie. Kumbe hata sikuwa nafikiria kompyuta. Nilikuwa nimeshafika mbali, juu ya kilima cha udongo mwekundu, upepo ukinipiga machoni.

Kijiji chetu kilikuwa kati ya Igowole na barabara kuu. Asubuhi ukungu uliingia hadi ndani ya nyumba, ukasikia jogoo anawika hapo hapo karibu na usimwone. Tulikwenda shule pekupeku kwenye umande wa mwezi wa sita, kila mtoto na kuni zake kwapani, na sweta yetu ilikuwa mchakamchaka. Mwalimu wa zamu alikagua kucha, na kijiti chake kilipotua kwenye vidole vilivyokufa ganzi ulisikia maumivu baadaye, ukiwa umeshakaa darasani, ukajikuta unalia katikati ya hesabu za kugawanya. Mchana tulirudi kula viazi vya kuchemsha. Msimu wa ulanzi, ile pombe ya mianzi, mama alitupa ule wa asubuhi, mtamu, unaonukia mwanzi mbichi, kabla haujachachuka na kuwa mali ya wakubwa. Hawa wajukuu wangu wanakunywa soda yenye rangi ya dawa ya mswaki na kuniambia ni tamu. Nawaonea huruma tu.

Lakini hayo yote yalikuwa ni ya kupitisha muda hadi jioni. Jioni ilikuwa ya kigari.

Kigari chetu tulikitengeneza mimi na kaka yangu Lwidiko, aliyenizidi miaka minne. Baba alifanya kazi kiwanda cha mbao, akatuletea ubao mmoja mpana. Magurudumu tuliyakata wenyewe kwenye gogo la mlingoti, yaani mkaratusi, mimi nimelikalia lisiyumbe, yeye anakata kwa msumeno, tukayatoboa katikati kwa chuma cha moto na kuyapigilia vipande vya tairi kuukuu. Ekseli ilikuwa mti mnene kama mkono wa mtu mzima. Tuliilainisha kwa oili chafu, na oili ikikosekana, kwa ganda la parachichi. Kilikuwa kizito na kilipiga kelele kama nguruwe anayechinjwa. Kijiji kizima kilijua watoto wa fundi mbao wanashuka.

Na utaratibu ulikuwa huu. Kigari cha magurudumu ya mti hakiondoki chenyewe, lazima kisukumwe. Kwa hiyo kilitaka watu wawili. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mwepesi, nilikaa mbele na kushika kamba ya usukani. Lwidiko alisukuma kutoka kanisani, juu ya kilima, akakimbia, akakimbia, na kilipochanganya mwendo akaruka nyuma yangu na kunishika mabega. Kisha tulishuka. Sijui nielezeje. Miti ya miwati ilikuwa imechanua manjano pande zote mbili, ukungu wa jioni unaanza kupanda kutoka kijitoni, na sisi tunauingia kama tunaingia ndani ya maziwa. Nilikuwa sioni mbele. Nilisikia tu pumzi ya kaka yangu sikioni akisema, "Kushoto, kushoto, sasa kulia, Twilumba, kulia!" Nikavuta. Nilimwamini kuliko nilivyoyaamini macho yangu. Hadi leo nikiwa nusu usingizini huisikia ile sauti na mkono wangu hujivuta wenyewe kwenye shuka.

Miaka ile ndipo barabara kuu ya kwenda Zambia ilipokuwa imetandikwa lami mpya, nyeusi, laini. Wavulana walioiona walirudi wamebadilika. Walisema mteremko wa huko chini hauna shimo hata moja. Walisema ukifunga beringi za chuma badala ya magurudumu ya mti, kigari kinaondoka kwa kuguswa na kidole, hakihitaji mtu wa kusukuma. Mmoja baada ya mwingine wakang'oa magurudumu yao. Jumamosi walibeba vigari kichwani na kutembea hadi kwenye lami, na jioni walirudi wakisimulia kwa lugha ambayo sisi wa kwenye udongo hatukuielewa.

Wasichana hawakuruhusiwa kwenda kwenye lami. Mama alisema wazi, "Mtoto wa kike na barabara ya malori wapi na wapi!" Kwa hiyo nilijua. Hakuna aliyenieleza, lakini nilijua kwamba kigari kikifungwa beringi, mimi sina pa kukaa.

Lwidiko alipata beringi kutoka kwenye mashine mbovu iliyotupwa pale kiwandani. Alizileta zimefungwa kwenye kitambaa, akazifungua mbele ya baba kama anafungua mayai. Baba akazizungusha kwa kidole, zikaimba. Kisha akasema, "Tundu lake dogo. Ekseli itabidi ichongwe ncha, ikonde. Ikishakonda, magurudumu yenu ya mti hayatakaa tena, yatachezacheza na kuchomoka. Mmenielewa?" Lwidiko akaitikia haraka haraka. Baba akanigeukia. "Kitu cha watu wawili hakiamuliwi na mmoja. Twilumba, unasemaje?"

Nikamtazama kaka yangu. Hakunibembeleza. Angenibembeleza labda ningekataa. Alikuwa amezikodolea macho zile beringi tu. Nilimpenda sana, huo ndio ukweli wenyewe. Nikasema, "Fungeni tu. Mimi nimeshakichoka."

Baba alinitazama kidogo, akachukua panga. Palepale. Hakukuwa na kusubiri kesho. Maganda ya ekseli yalidondoka sakafuni, meupe kwa ndani, yananukia, na mama aliyafagia akayatia jikoni yakachemsha chai ya jioni ile. Nilikunywa. Niliulizwa mbona nimenyamaza, nikasema nina usingizi. Nikaambiwa nikalale.

Niliwahi kukiona kigari kwenye lami mara moja. Shangazi alikuwa anakwenda kupanda basi la Iringa, mama akanituma nimsindikize na nimpelekee Lwidiko viazi. Nilisimama pembeni ya barabara na kikapu changu. Nikasikia kwanza mlio, mkali, wa chuma, kisha akapita. Alikuwa amelala kifudifudi juu ya ubao wetu, mdomo wazi, machozi ya upepo yanamtiririka hadi masikioni, na sijawahi kuona mtu mwenye furaha kama ile. Alinipita karibu, ningenyoosha mkono ningemgusa. Hakuniona. Nilifurahi kwa ajili yake na iliniuma, vyote viwili kwa wakati mmoja, na nilikuwa mdogo mno kujua kwamba moyo mmoja unaweza kubeba hivyo.

Mvua zilipoanza, lami ikawa mbali na njia zikawa matope. Lwidiko akajaribu kigari pale kilimani kwetu. Beringi zikazama kwenye udongo mwekundu kama visu kwenye siagi, hazikwenda hata hatua. Akajaribu kurudisha magurudumu ya mti, akazungushia matambara kwenye ekseli ili ijae. Yalichomoka kabla hatujafika kwenye kona ya kwanza, tukaanguka wote wawili, tukacheka. Maji yakimwagika hayazoleki, ndivyo mama alivyosema alipotuona tumejaa matope. Nami niliukubali msemo huo miaka mingi. Nilikuja kuutilia shaka nikiwa mtu mzima. Miti ilikuwa tele kule kwetu, jamani! Ekseli mpya ni kazi ya asubuhi moja. Kilichokosekana si mti. Kaka yangu alikuwa ameshaonja lami, na mtu aliyeonja lami harudi kusukuma.

Alikwenda sekondari Iringa mjini, kisha maisha yakamteremsha hadi Madibira kwenye mashamba ya mpunga, na huko ndiko aliko na wajukuu wake. Tunaonana misibani na harusini. Kwa simu tunaulizana mvua. Mwaka jana nilimkumbusha kigari, akacheka hadi akakohoa. Akanisimulia lami, mlio, jinsi malori yalivyompigia honi. Nikamwuliza, "Na kule kilimani, kwenye ukungu?" Akasema, "Kule kwenye matope? Kwani tulikuwa tunacheza kule? Wewe ulikuwepo?"

Sikumlaumu. Kila mtu hukumbuka pale alipofurahi zaidi.

Basi jana, baada ya chakula cha mchana, niliwaita wote wawili. Nikasema kitu cha watu wawili hakiamuliwi na mmoja. "Neema, unasemaje wewe?" Neema akamtazama kaka yake. Eliya, maskini, alikuwa ameishika simu yake kwa mikono miwili, macho yake hayako kwetu. Neema akapandisha mabega. "Abadilishe tu, bibi. Mimi ile gemu nimeshaichoka."

Ningeweza kukataa. Nyumba yangu, meza yangu, umeme ninaununua mimi. Lakini ndugu wa kushikiliwa kwa nguvu hakai nawe, anakaa tu kwenye kiti. Nikasema haya, badilisha. Ila si sasa hivi. Mtacheza kwanza ile ya zamani hadi jua litue, na mimi nitatazama.

Wakacheza. Wakasukumana viwiko. Mara ya kwanza Eliya alikuwa na haraka, anatazama saa. Baadaye akasahau. Nilimsikia akimwambia mdogo wake, "Kona inakuja, kona, punguza, sasa vuta," na nikageuza uso wangu ukutani. Neema alishinda mara nyingi. Mimi najua Eliya anavyocheza, hashindwi hivyo.

Jua lilipotua akabonyeza anachobonyeza. Kioo kikawa cheusi, kikawaka, kikawa cheusi tena. Neema alikaa pembeni yake akitazama hadi kazi ilipokwisha. Eliya akavaa vidude vyake vya masikioni, na ghafla alikuwa akizungumza na watu ambao sisi hatuwaoni. Neema akateremka kwenye kiti polepole, akaja jikoni nilikokuwa nikichambua mchele.

Enzi zetu tulikuwa na mengi ambayo hawa hawatayapata. Tulikuwa na kilima, na ukungu, na ulanzi wa asubuhi, na miguu iliyojua kila jiwe la njia ya kijitoni. Nitayasifu hadi niingie kaburini, na vijana wataendelea kupiga miayo. Lakini enzi zetu mtoto hakuulizwa mara ya pili. Ukinyamaza na kusema una usingizi, uliambiwa ukalale, na lile lililokunyamazisha ukalala nalo kitanda kimoja mpaka ukawa bibi wa watu.

Nikamsogezea Neema kigoda na kumpa sehemu ya mchele aichambue. Nikamwuliza, "Inauma?"

Akatoa punje moja mbaya, akaitupa.

"Kidogo, bibi."

"Eeh," nikamwambia. "Hata mimi, kidogo."