Lisansie Aliyenyimwa Jembe

Siku moja naikumbuka kuliko nyingine, mwanangu. Kule kwetu Mushaki alifika dada mmoja kutoka Goma, mtafiti, akipita nyumba kwa nyumba. Aliwauliza vijana waliomaliza chuo kikuu kama wamepata kazi. Kwetu alimkuta yaya wangu Bahati, kaka yangu mkubwa, uani, kwenye kiti kikubwa cha marehemu baba, peke yake kama kawaida.

Likilimba siku hiyo ilikuwa zamu yetu, yaani majirani wote walikuwa wanalima shamba letu, kesho tungelima la mwingine. Mimi nilikuwa nimerudi kuwapikia maharagi.

Yaya alikuwa lisansie wa uchumi, yaani mwenye digrii ya chuo kikuu. Goma alizungusha karatasi zake kila biro, kila ofisi, akakuta wanaochukuliwa ni watoto na mashemeji wa walio ndani. Basi akarudi kwetu. Lakini mama alikataza asishike jembe: lisansie hashiki jembe, watu watatucheka. Kila asubuhi watu walipita uani, "Bonjour, Lisansie," wakashuka shambani na vicheko vyao. Jioni alipewa nyama nzuri kuliko sisi, akala kwenye meza yake peke yake. Ilikuwa heshima, mwanangu, na heshima hiyo ilimkondesha.

"Muchana muko na nani hapa?" mtafiti aliuliza.

"Na kuku," yaya akajibu. "Na zenyewe zinanikimbiaka."

Dada alicheka. Yaya hakucheka. Mama, aliyekuwa amekuja kuchukua maji ya wakulima, akaingilia mbio: "Mutoto wangu anatumika ku biro, Goma. Iko ku konje tu, anapumuzika kazi."

"Konje gani ya mwaka muzima, mama? Sina kazi. Kesho ninaenda Walikale, kule hakuna mwenye ananijua. Afazali kukaa peke yangu kwa wageni kuliko peke yangu kwetu."

Mama akatua dumu chini. Akaninyooshea kidole. "Na huyu? Huyu aliacha masomo juu yako. Ukishika jembe, aliachia nini?"

Ni kweli, niliishia mwaka wa pili wa sekondari. Pesa ya shule ilimtosha mtoto mmoja tu kwetu, na mmoja huyo alikuwa mvulana.

"Mama," nikasema, "niliacha juu asome. Sikuacha juu akae yeye peke."

Mtafiti alitushukuru akaondoka. Mimi hakuniuliza kitu. Maswali yake yalikuwa ya waliomaliza. Nilimtazama mpaka akapotea barabarani. Nilikuwa na majibu mengi tu.

Mama akaingia ndani, akatoka na jembe, akaliegemeza kwenye kiti bila kumtazama yaya.

Tulivyofika shambani, yaya akakata mche wa haragi akidhani ni gugu. Papa Safari, mzee wa likilimba, alipiga kelele: "Eh, Lisansie! Ile njo haragi, aiko majani! Ku Goma munakulaka nini?"

Watu wakaanguka kwa kucheka, na yaya akacheka nao mpaka akashikilia mpini. Walikale hakwenda. Biro hakuipata pia, sitakudanganya.

Tulikuwa mstari mmoja, mimi na yeye. Baadaye akaniuliza polepole: "We, ungefika chuo, ungesoma nini?"

Tangu niache shule hakuna aliyekuwa ameniuliza. Si mama, si mwalimu.

"Ukunga," nikasema. Akauliza kwa nini. Nikaongea, mwanangu, nikaongea mpaka mstari ukaisha.

Basi sikia. Ukimaliza masomo na kazi isipatikane, rudi nyumbani na useme hivyo mapema, kabla wengine hawajakusemea uongo. Na anayerudi kwenu usimpe heshima ya kumweka mbali. Mwite kazini, mchekeni, mchoke naye. Na yule aliyebaki jikoni ili mwingine asome, muulize alitaka kuwa nani. Pengine bado anataka. Mimi bado nataka, na wewe cheka tu.

Mungu akufungulie milango ya shule na ya kazi. Na ule utakaofungwa, akupe mtu wa kukaa naye hapo nje. Amina.